Mazoezi ya Mgeni Rasmi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Kila ninapolitumia neno hilo hapa Suna mtu hucheka, na mama yangu, ambaye ndiye aliyestaafu kweli na kuniachia duka lake la vifaa vya ujenzi, amenikataza kulisema mbele ya wateja. Lakini sijui neno lingine. Nimefundisha riadha kwa vijana wa shule tangu nilipotoka chuo kikuu, kwanza Ntimaru kisha Mbita, na sasa sifundishi tena. Magoti yangu ni mazima na hakuna aliyenifukuza. Niligundua tu kwamba nimeanza kujibu maswali ya wanafunzi kabla hawajamaliza kuyauliza, na kocha akifika hapo ni afadhali auze misumari.

Ninyi wawili mliochukua nafasi yangu mmeniomba niwaachie programu yangu ya kupasha misuli na ya kuandaa akili kabla ya mashindano. Mtaipata. Haitawafaa sana, hata hivyo, msipojua ilivunjika wapi na mara ngapi, kwa hiyo naanza na hayo.

Nilifika Ntimaru nikiwa na hakika nyingi. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi anayeinua mkono mhadhara ukiwa umebaki dakika moja, na ambaye wenzake wote wanamchukia. Nilikuwa nimepinga karibu kila kitu isipokuwa yale niliyoyaamini mwenyewe. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na ukungu na baridi ya kule juu, ile inayofanya mtu aongee huku moshi ukimtoka mdomoni. Niliwapanga watoto kwa mistari mitatu na kuwaeleza kwa nini mwili hupashwa moto kabla ya kukimbia: damu, misuli, mishipa ya fahamu, joto la ndani. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali.

Msichana mwembamba wa mstari wa mbele alikuwa amejikumbatia na kutetemeka. "Madam," akasema, "tulikuja shule tukikimbia. Tulikuwa na joto. Sasa tumepoa tukikusikiliza."

Huyo ndiye Boke. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakusema vile kwa ujeuri. Aliona jambo limeharibika akalitaja, kama mtu anayekwambia kamba ya kiatu chako imefunguka. Tukaanza kukimbia mara moja, na tangu siku hiyo sijawahi kutoa mhadhara uwanjani kabla watu hawajatoka jasho. Andikeni hilo mahali.

Mazoezini Boke aliwashinda wote, wavulana wakiwemo, na wavulana waliliona hilo kuwa kosa langu. Mashindanoni mambo yaligeuka. Mara ya kwanza nilipompeleka kukimbia mbele ya shule nyingine, alipasha misuli vizuri, akakaa kungoja zamu yake, kisha nikamkuta nyuma ya vyoo akitapika. Alikimbia hivyo hivyo na kushika nafasi ya tano. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Nilibadilisha chakula, nikabadilisha saa ya chakula, nikaondoa maziwa na kuyarudisha. Alitapika na maziwa na bila maziwa.

Mama yake aliuza ndizi pale sokoni, na mara nyingine alivuka upande wa Tanzania kuzinunua. Watu walimwita Mama Marwa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alinisimamisha siku moja nikipita na mfuko wangu wa filimbi.

"Mwalimu, hii mbio inafanya mtoto atapike. Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa, mama. Ni hofu."

"Hofu ya nini? Anakimbizwa na nani?"

Nilimwambia nitalishughulikia, neno tunalolitumia sote tukiwa hatujui tuanzie wapi. Akanipa ndizi mbili kana kwamba nimemjibu.

Boke alipoingia shule ya upili, alipata nafasi ya bweni huko Mbita, na mwaka huohuo mradi wa michezo ya shule ulioniajiri ukanihamishia kando ya ziwa. Shule ile ilikuwa na mwalimu wa michezo aitwaye Ouma, mtu mnene, mchangamfu, aliyewafundisha hata wazazi wa baadhi ya wanafunzi wetu. Alinipokea kwa mikono miwili, akanipachika jina la nyar Suna, yaani binti wa Suna, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumeshaanza kubishana.

Mwalimu Ouma aliamini jasho. Kwake kupasha misuli kulikwisha pale fulana inapoweza kukamuliwa. Wanafunzi walizunguka uwanja wakiimba, kisha walikaa wawili wawili wakivutana miguu mpaka mtu alie. Mimi niliamini mwendo mfupi: kukimbia polepole, kuinua magoti, kupiga visigino, kurusha miguu mbele na nyuma, halafu mbio fupi mbili tatu za kuuamsha mwili. Ule unyooshaji wa muda mrefu nilitaka uje baada ya mbio. Nilimwambia kwamba katika joto la Mbita anawamaliza watoto kabla bunduki haijalia. Akaniambia kwamba nilivyowazoesha wale wa Ntimaru, na baridi yao, walikuwa wakianza mbio wakiwa bado usingizini. Linaloudhi ni kwamba nikikumbuka asubuhi za Ntimaru, alisema kweli. Na mchana wa Mbita niliyesema kweli ni mimi. Ilituchukua muda mrefu kukubali kwamba tulikuwa tunazungumzia hali mbili tofauti za hewa.

Kabla ya kukubaliana nilitaka kuthibitisha. Niligawa timu nusu kwa nusu, kundi moja lifuate njia yake na lingine langu, nipime muda wao kwa majuma kadhaa. Ilikuwa kazi safi ya kisayansi kwa siku chache. Kisha nikagundua kwamba wa kundi langu, kwa kuwa waliona wenzao wakiimba na wao hawaimbi, walikuwa wakijiunga nao kabla mimi sijafika. Na wa kundi lake walikuwa wakija kwangu baadaye kwa sababu mazoezi ya kurusha miguu yaliwafanya waonekane kama wacheza dansi. Karibu wote walikuwa wakipasha misuli mara mbili. Na walikuwa wamechoka, jambo ambalo kila mmoja wetu alilitumia kama ushahidi dhidi ya mwenzake.

Upande wa akili nao ulinipa taabu. Chuoni tulifundishwa kumwongoza mwanariadha afumbe macho na kuiona mbio yake yote kichwani kabla hajaikimbia. Niliwakalisha chini ya kivuli cha darasa, nikawaambia wafumbe macho na kutulia. Wote wakainamisha vichwa. Nikaanza kwa sauti ya upole: uko kwenye mstari, unasikia pumzi yako. Msichana mmoja akaanza kunong'ona maombi. Wengine wakamfuata. Nilipofika kwenye mzunguko wa mwisho uwanja mzima ulikuwa ukimwomba Mungu kwa nguvu, na nilipowaambia wafumbue macho wakasema "Amina." Nyumbani kwao hakuna sababu nyingine ya watu kufumba macho pamoja mchana. Mwalimu Ouma alisimama pembeni akiwa ametoa kofia.

"Umeongoza vizuri, nyar Suna," akaniambia. "Lakini umesahau kuombea wagonjwa."

Baadaye tulifanya zoezi lile macho yakiwa wazi, tukitembea polepole juu ya njia yenyewe ya mbio, na likakubali.

Kisha kulikuwa na maneno ya kujiambia. Vitabu vilisema mwanariadha ajiambie kwamba ana nguvu, kwamba anaweza. Watoto wangu waliyasema kama wanaosoma tangazo la dawa. Mwalimu Ouma ndiye aliyenishauri niwaache wajisifu Kijaluo, kama watu wanavyojisifu ngomani, mtu akisimamisha muziki aseme yeye ni nani, mwana wa nani, na kwamba asiyempenda na ateseke. Hapo uwanja ukawaka. Mvulana mmoja wa Rusinga, mfupi, wa mwisho katika kila mbio, alijisifu kwa ufasaha hivi kwamba waliomtangulia walisimama kumsikiliza. Muda wake haukubadilika hata kidogo, lakini hakukosa mazoezi tena.

Kwa Boke hakuna lililofanya kazi. Yeye ni Mkuria, na majisifu yale hayakuwa yake. Nikamwambia atumie Kikuria, au Kiswahili, au chochote.

"Niseme nini, Madam?"

"Sema mimi ni simba."

Akafikiri. "Si kweli."

"Sema basi, mimi sitaogopa."

"Hiyo ndiyo si kweli kabisa."

Ningeweza kukasirika, ila nilikuwa nikijiona mwenyewe kwenye viti vya nyuma vya ukumbi wa mihadhara, mkono juu. Mimi pia sijawahi kutulizwa na sentensi nisiyoiamini. Mtu wa namna yetu ukimwambia kila kitu kitakuwa sawa, anaanza kuhesabu vitu. Kwa hiyo nikaacha kumpa majibu nikampa maswali. Kiatu kikichomoka, utafanya nini? Ukisukumwa kwenye kona? Mvua ikianza? Ukitapika? Alipenda hilo. Alijibu kila moja polepole, kwa vitendo. Kiatu kikichomoka nitaendelea bila kiatu, nilikua hivyo. Nikitapika nitasukutua maji na kwenda mstarini, nimeshafanya. Wenzake wakalidaka zoezi likawa mchezo wa timu nzima, wakishindana kubuni balaa. Mmoja aliuliza nyoka akivuka njia itakuwaje. Boke alitaka kujua kwanza anavuka akielekea wapi.

Katika maswali hayo ndipo tulipofika kwa mgeni rasmi.

Mnayajua mashindano yetu. Wanariadha wamepasha misuli, wako tayari, halafu magari yanaingia na kila kitu kinasimama. Wakimbiaji wanapangwa mstari ili mheshimiwa awape mkono mmoja mmoja. Anatoa hotuba, anamkaribisha mwenzake aseme "salamu tu," na mwenzake anasema salamu tu kwa urefu wa mbio ndefu mbili. Anapomaliza, misuli imelala na kichwa kimepata nafasi ya kuwaza kila baya. Kwa Boke ungojaji ule ulikuwa sumu tupu. Nikaona kwamba kama hatuwezi kuwazuia waheshimiwa, tunaweza kujifunza kuwavumilia tukiwa na joto.

Mwalimu Ouma alizaliwa kwa kazi hii. Alivaa koti zito la harusi katika jua la Mbita, akateua viranja wawili kuwa walinzi wake, na kila tulipomaliza kupasha misuli aliingia uwanjani akipunga mkono. Aliwapa wakimbiaji mkono mmoja mmoja. "Wewe ni wa nani? Baba yako namjua, ni mtu wangu." Aliahidi uwanja wenye paa. Aliahidi daraja mahali ambapo hapana mto. Kazi ya wakimbiaji ilikuwa kubaki na joto bila kuonyesha utovu wa adabu: kuinua visigino kidogo kidogo, kukunja vidole ndani ya viatu, kuzungusha mabega kama mtu anayerekebisha fulana, kupumua kwa kina na polepole.

"Mheshimiwa," mvulana wa Rusinga alimwuliza siku moja, "na ule mfereji wa maji uliahidi juzi?"

"Huo uko njiani, kijana. Umekwama Kendu Bay."

Boke alikuwa bora kuliko wote. Angeweza kumtazama mheshimiwa usoni na kumjibu kwa heshima kamili huku visigino vyake vikipanda na kushuka kama cherehani. Nilianza kuwa na matumaini.

Alikuwa kidato cha nne, na huo ulikuwa msimu wake wa mwisho wa shule. Alitaka kitu kimoja: kufika mashindano ya taifa, walau mara moja. Kwenye mashindano ya kaunti alishika nafasi ya pili katika mita elfu tatu na kufuzu kwenda ya kanda, ambayo yangefanyika Migori. Lakini alikuwa ametapika tena kabla ya mbio, vibaya, na habari zikafika Ntimaru. Mama Marwa akanipigia.

"Mwalimu, umekaa na huyu mtoto miaka mingi."

"Ndiyo, mama."

"Hii ya Migori ndiyo ya mwisho. Akitapika tena aweke viatu kando ashike vitabu. Mwaka huu ana mtihani. Hata wakisema aende taifa, haendi. Siwezi kuwa na mtoto anaenda mbali kutapika."

Nilimwelewa. Nikamwambia Boke maneno yote bila kuyapunguza, kwa sababu angejua kama nimeyapunguza. Akasema, "Sawa," akaenda kufua fulana yake.

Siku ya fainali Migori tulikuwa na mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Mbio za Boke zilipangwa alasiri. Tulijua mheshimiwa anakuja na tulijua atachelewa. Boke angepumzika kivulini asubuhi, angeanza kupasha misuli taratibu, na tulikuwa na namna ya kufuata kwa kila aina ya hotuba. Alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya hema letu, viatu pembeni, wakati kipaza sauti kilipokohoa.

"Fainali ya mita elfu tatu wasichana, njooni kwenye mstari. Sasa hivi. Sasa hivi tafadhali."

Mgeni rasmi alikuwa amefika mapema. Alikuwa na mazishi upande wa Rangwe na hangeweza kukaa, lakini alitaka kuona mbio moja ndefu na kuvisha medali kwa mkono wake kabla hajaondoka. Hakuwa na hotuba. Alisalimia umati kwa sentensi moja akakaa chini.

Mwalimu Ouma alinitazama macho yamemtoka. "Nyar Suna, tumejiandaa kwa mtu wa maneno mengi. Wametuletea mwenye haraka."

Katika maswali yetu yote, nyoka na mvua na viatu, hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje mbio zikianza kabla ya wakati. Hakuna kati yetu aliyewahi kuliona jambo kama hilo likitokea Kenya. Nilipiga magoti kumsaidia Boke kufunga kamba, nikimtazama koo.

"Wengine wamepasha misuli?" akauliza.

"Hakuna hata mmoja."

"Basi nitapasha ndani. Mizunguko ya kwanza nitaifanya ya kupasha."

Nilikuwa na mapingamizi matatu mazuri, na muda wa kutosha nusu ya moja. Akaondoka mbio kuelekea mstarini.

Bunduki ikalia na wasichana wakatoka kama wanaokimbilia gari la mwisho. Mheshimiwa alikuwa anatazama, na kila mtu alitaka aonekane. Boke akatoka wa mwisho. Hakuwa amebanwa nyuma. Alikuwa amekaa pale kwa hiari, akikimbia mwendo ule wa polepole tuliouanzia kila jioni, mabega yamelegea. Mzunguko mzima ukapita hivyo. Nyuma yangu wanafunzi wa shule nyingine walifurahi.

"Huyo ametumwa sukari?"

"Mwacheni, anatafuta duka."

Katika mzunguko wa pili akaongeza kidogo, wa tatu akaongeza tena, na mwili wake ukafunguka mbele ya macho yangu kama ulivyofunguka mara nyingi mazoezini, ambapo hakukuwa na mtu wa kuogopa. Waliotoka kwa kasi walianza kulipa. Akawapita mmoja mmoja, bila haraka, akimtazama kila mmoja upande wa uso anapompita. Wale watu wa sukari wakanyamaza, kisha mmoja wao akaanza kumshangilia. Wasichana wawili wa mbele walikuwa mbali na walikuwa wazuri kweli; hao asingewafikia. Timu ya kanda ilichukua watatu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alikuwa wa nne, nyuma ya msichana mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, na walikimbia bega kwa bega tangu kona hadi mstarini. Boke akapitisha kifua kwanza. Mwalimu Ouma alikuwa ameukamata mkono wangu kwa nguvu hivi kwamba alama ya saa yake ilibaki mpaka jioni.

Nilimfikia akiwa ameshika magoti. Nikasubiri. Akanyanyuka, akanywa maji, akayameza.

"Ulikuwa unafikiria nini?" nikamwuliza, kwa sababu nilisomea hilo na siwezi kujizuia.

"Nilikuwa naangalia nani amechoka."

"Na hofu?"

"Ilikuwepo, Madam. Lakini tuliitwa haraka, haikupata nafasi."

Hapo ndipo mnapopaswa kuwa waangalifu mnaposoma programu yangu. Njia nzima ya kurudi Mbita mimi na Mwalimu Ouma tulibishana. Yeye alisema ni mazoezi ya mgeni rasmi: mtoto alizoea mipango kuvurugwa, kwa hiyo ilipovurugwa hakushtuka. Mimi niliogopa kwamba ni kinyume chake. Kwamba miaka yote ile, kwa kupasha misuli mapema na kumkalisha angoje huku nikimwandaa akili, nilikuwa nikiipa hofu yake kiti na chai, na siku moja tu tuliyokosa muda wa kuiandaa ikakosa pa kukaa. Huenda sote tunasema kweli. Huenda ni joto la Migori saa ile. Mtu mmoja na mbio moja havithibitishi kitu, na nimewafelisha wanafunzi wa chuo waliokuja kwetu mafunzoni kwa kudai kwamba vinathibitisha.

Tulikuwa hatujafika Homa Bay simu ilipolia.

"Mwalimu, ametapika?"

"Hapana, Mama Marwa. Ameshika nafasi ya tatu. Amechaguliwa kwenda taifa."

Nilisikia soko la Ntimaru nyuma yake, mtu akitaja bei, mwingine akimcheka.

"Sasa umemfanyia nini?"

Mwalimu Ouma alikuwa amesogeza sikio. Boke alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi.

"Sijui, mama. Nakwambia ukweli, sijui."

"Sawa," akasema Mama Marwa. "Basi hiyo hiyo usiyoijua, mfanyie tena huko taifa."